Ngisi mkubwa: mnyama wa bahari anayeishi kwa shaba, na sababu Lubumbashi inahusika

Kwa mkaaji wa Lubumbashi, shaba si habari mpya. Bomba la moshi la Gécamines, lenye mita 153, linaonekana toka pande nyingi za mji. Malori yaliyobeba vipande vya shaba yanapanga foleni kila siku kuelekea Kasumbalesa. Hata zamani, kabla ya mji kuanzishwa mwaka wa 1910, mafundi wa Katanga walikuwa wakiyeyusha shaba na kuimwaga katika umbo la msalaba, na Wazungu waliowaandika waliwaita «walaji wa shaba».

Lakini kuna shaba nyingine ambayo hakuna mchimbaji aliyeigusa. Iko ndani ya damu ya mnyama anayeishi katika giza la bahari, mbali na Katanga, na ambaye hakuna mtu aliyempiga picha akiwa hai katika makao yake mpaka mwaka wa 2004. Mnyama huyo ni ngisi mkubwa. Wataalamu wanamwita Architeuthis dux.

Hadithi yake inawahusu watu wa hapa kwa njia mbili. Ya kwanza ni maji: mito inayopita Lubumbashi inaishia katika bahari anamoishi. Ya pili ni biashara: makampuni makubwa yanataka kushuka chini ya bahari kuchukua kobalti na shaba, madini yaleyale yanayolisha Haut-Katanga na Lualaba.

Ndugu wa konokono

Mbali na bahari, jina la ngisi halijulikani sana. Kwa Kifaransa anaitwa calmar, na wachache wanaomjua hapa mjini wamemwona kwenye friji za maduka makubwa au kwenye sahani ya hoteli, amekatwa vipande vya duara vyeupe. Wavuvi wa Zanzibar, Mombasa na Tanga wanamvua ngisi mdogo kila siku na kumuuza sokoni pamoja na pweza.

Ngisi si samaki. Hana mfupa hata mmoja. Yeye na pweza wako katika ukoo mmoja na konokono, wale tunaowaona bustanini wakati wa mvua. Tofauti ni kwamba konokono amebaki na nyumba yake mgongoni, na ngisi amebaki na kipande kimoja tu chembamba kama plastiki, kilichofichwa ndani ya mwili.

Ngisi mkubwa ana mikono 8, na juu ya hiyo ana mikono mingine 2 mirefu sana, ambayo Waswahili wa pwani wanaiita minyiri. Jike ni mkubwa kuliko dume. Jike mkubwa kabisa anakadiriwa kufika mita 12 au 13 kutoka ncha ya mwili mpaka mwisho wa minyiri, na kilo 275 hivi. Dume anafika mita 10. Ili kupata picha, Hiace mbili zikisimama moja nyuma ya nyingine hazifiki urefu wa jike huyo.

Lakini urefu huo unadanganya kidogo. Sehemu kubwa ni minyiri. Mwili wenyewe, ule mfuko unaobeba viungo vya ndani, hauzidi sana mita 2. Ndiyo maana habari za zamani zilizozungumzia ngisi wa mita 18 na zaidi hazikubaliwi tena na wataalamu: minyiri ya mnyama aliyekufa inavutika kama mpira wa ndani wa baiskeli, na waliopima waliivuta.

Damu ya buluu

Damu ya mtu ni nyekundu kwa sababu ya chuma. Chuma hicho ndicho kinachokamata oksijeni kwenye mapafu na kuipeleka mwilini. Damu ya ngisi inafanya kazi hiyohiyo kwa shaba. Protini inayobeba shaba hiyo inaitwa hemosianini, na ndani yake atomu mbili za shaba zinashika molekuli moja ya oksijeni katikati yao. Damu ikiwa haina oksijeni haina rangi. Ikipata oksijeni, inakuwa ya buluu.

Anayejua shaba hatashangaa. Shaba ikikutana na oksijeni inabadilika rangi: mawe ya malakiti yanayouzwa kama mapambo hapa mjini ni ya kijani kwa sababu ya shaba hiyohiyo. Na konokono wa bustanini naye ana damu ya namna hiyo.

Damu ya shaba inasaidia mahali penye baridi na oksijeni kidogo, kama kule chini baharini. Lakini ina udhaifu wake. Haibebi oksijeni nyingi kama damu yetu, kwa hiyo ngisi anahitaji mioyo mitatu: miwili inasukuma damu kwenye matamvua, yale mashavu ya kupumulia majini, na mmoja unaisukuma mwilini kote. Maji yakiwa ya joto, damu hiyo inashindwa kazi zaidi. Wataalamu wengi wanafikiri ndiyo sababu moja ngisi mkubwa anayepandishwa na mkondo wa maji hadi juu anakosa nguvu na kufa, kisha mawimbi yanamtupa ufukweni.

Shaba inayompa uhai inaweza pia kuua. Wanyama wengi wa majini wanahitaji shaba kidogo sana. Ikizidi katika maji, inakuwa sumu, hasa kwa mayai na kwa watoto wao. Wakaaji wa kandokando ya mito ya Katanga wanalijua jambo hilo bila kusoma kitabu.

Anakula, anakimbia, anazaa

Ngisi mkubwa anaishi hasa kati ya mita 300 na mita 1,000 chini ya maji. Mgodi wa Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, una kisima kinachoshuka zaidi ya mita 1,200. Mfanyakazi aliyeshuka mpaka chini kwa lifti amefika kina kikubwa kuliko makao ya ngisi. Tofauti ni kwamba ngisi hana lifti wala taa, na juu yake kuna maji matupu. Kwenye mita 900, kila sentimita ya mraba ya mwili wake inabeba uzito wa kilo 90 hivi.

Hasagwi kwa sababu mwili wake umejaa maji, bila mifuko ya hewa. Tena hazami, kwa sababu nyama yake ina chumvi ya amonia, ambayo ni nyepesi kuliko chumvi ya bahari. Kwa hiyo anaelea bila kutumia nguvu nyingi. Amonia hiyo inaifanya nyama yake kuwa chungu na yenye harufu mbaya. Hata kama angeletwa sokoni Lubumbashi, hakuna mama ambaye angemnunua kwa kulia bukari.

Anawinda samaki na ngisi wengine wadogo. Minyiri miwili inarushwa mbele, inakamata kwa vikombe vya kunyonya vyenye meno madogo pembeni, kisha inaleta chakula kwenye mdomo mgumu unaofanana na wa kasuku. Mdomo unakata vipande vidogo vidogo. Ni lazima iwe hivyo, kwa sababu njia ya chakula inapita katikati ya ubongo, ambao una umbo la pete. Akimeza tonge kubwa, anaumiza ubongo wake mwenyewe.

Juu ya uzazi kinachojulikana ni kidogo. Jike anabeba mayai mengi sana, kwa mamilioni, kila yai likiwa na ukubwa wa milimita moja hivi. Mwaka wa 1997 watafiti wawili walieleza habari ya jike aliyepatikana karibu na Tasmania: mbegu za dume zilikuwa zimechomekwa ndani ya ngozi ya mikono yake, kama sindano. Gizani, ambapo kukutana ni nadra, dume hangoji wakati mzuri. Anaacha mbegu, na jike anazitunza mpaka mayai yawe tayari.

Watafiti wanafikiri ngisi mkubwa anaishi miaka michache tu. Kama ni hivyo, anakua kwa kasi ya ajabu: kutoka yai la milimita moja mpaka mnyama wa kilo zaidi ya 200.

Jicho kubwa kuliko mpira

Mpira unaochezwa kwenye uwanja wa TP Mazembe kule Kamalondo una upana wa sentimita 22 hivi. Jicho la ngisi mkubwa linafika sentimita 27. Mboni peke yake ina sentimita 9. Ni ngisi wenzake wachache tu wa kilindini wanaofikia jicho la namna hiyo. Nyangumi, ambaye ana mwili mkubwa mara nyingi zaidi, ana jicho dogo kuliko hilo.

Kwa nini jicho kubwa hivyo mahali pasipo na jua? Mwaka wa 2012 kundi la watafiti lililoongozwa na Dan-Eric Nilsson wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, lilitoa jibu. Kule chini viumbe vidogo vingi vinatoa mwanga vikiguswa. Nyangumi mkubwa mwenye meno, yule anayeitwa kwa Kifaransa cachalot, anaposhuka kuwinda anavigusa viumbe hivyo, na mwili wake unazungukwa na mwanga hafifu. Kwa hesabu za watafiti hao, jicho la sentimita 27 linaweza kuuona mwanga huo kwa umbali wa zaidi ya mita 100. Linampa ngisi muda wa kukimbia.

Cachalot ndiye adui yake mkubwa. Alama za duara za vikombe vya ngisi zimeonekana kwenye ngozi ya nyangumi hao, na midomo ya ngisi, ambayo haimeng'enywi, imekutwa kwa wingi matumboni mwao. Kwa muda mrefu tumbo la nyangumi lilikuwa mahali pa kwanza pa kujifunzia habari za ngisi wa kilindini.

Miaka 150 ya kumtafuta

Mabaharia wa Ulaya ya kaskazini walisimulia kwa karne nyingi habari za mnyama mwenye mikono mingi anayezamisha meli. Wengi waliona ni uongo wa watu waliolewa. Mwaka wa 1857 mtaalamu wa Denmark, Japetus Steenstrup, alichunguza mdomo wa mnyama aliyetupwa ufukweni na bahari, akasema wazi kwamba huyo ni ngisi, akampa jina la Architeuthis.

Mwaka wa 1861 meli ya kivita ya Ufaransa, Alecton, ilikutana na ngisi mkubwa karibu na visiwa vya Canaries. Askari walimpiga risasi na kumfunga kamba, lakini mwili ulikatika na wakabaki na kipande cha mkia. Habari hiyo ilimfikia mwandishi Jules Verne. Waliosoma shule za Kifaransa wanakumbuka vita vya kapteni Nemo na wanyama wenye mikono mirefu katika kitabu chake kuhusu safari chini ya bahari, kilichotoka kati ya 1869 na 1870.

Mwaka wa 1873 wavuvi wa kisiwa cha Newfoundland, ambacho leo ni sehemu ya Canada, walimkamata mmoja kwa wavu. Mchungaji Moses Harvey alimnunua, akampeleka nyumbani na kumtandaza juu ya chuma cha pazia la bafu ili apigwe picha. Ndiyo picha iliyowafanya wengi kuamini.

Kisha zikapita zaidi ya miaka 130 ya maiti tu. Tarehe 30 Septemba 2004, watafiti wa Japani, Tsunemi Kubodera na Kyoichi Mori, walishusha kamera na chambo mpaka mita 900 karibu na visiwa vya Ogasawara. Ngisi alishambulia chambo, akanaswa kwa ndoana, akapigana kwa zaidi ya saa 4. Kamera ilipiga picha zaidi ya 500. Mwishowe aliponyoka na kuacha kipande cha mnyiri chenye mita 5 na nusu.

Mwaka wa 2012, mahali palepale, alipigwa filamu kwa mara ya kwanza akiwa katika kina chake. Mmarekani Edith Widder, aliyekuwa katika kundi hilo, alikuwa ameona kosa la watangulizi. Walishuka na taa kali na mashine zenye kelele, na mnyama mwenye jicho la sentimita 27 alikimbia mapema. Yeye alitumia mwanga mwekundu, ambao wanyama wengi wa kilindini hawauoni, na chambo cha taa ndogo za buluu zinazoiga kiumbe kinachong'aa gizani. Mwezi wa Juni 2019 njia hiyohiyo ilifanikiwa tena katika ghuba ya Mexico, kwenye mita 759.

Ukoo mmoja duniani, na Afrika imo

Mwaka wa 2013 watafiti walichunguza vinasaba vya ngisi wakubwa 43 waliotoka bahari mbalimbali za dunia. Walitegemea kukuta aina nyingi. Wote walikuwa aina moja, wakitofautiana kidogo sana. Ngisi wa Japani na ngisi wa Afrika ni ndugu wa karibu.

Barani Afrika, wengi wanaopatikana hutoka Afrika Kusini. Mwezi wa Juni 2020, mmoja mwenye urefu wa zaidi ya mita 4 alitupwa ufukweni Britannia Bay, kwenye bahari ya Atlantiki. Mwaka wa 2022 wengine wawili walionekana kwenye fukwe karibu na Cape Town. Watafiti wa makumbusho ya Iziko, mjini humo, ndio wanaohifadhi na kuchunguza miili hiyo.

Bahari hiyo ya Atlantiki ndiyo inayogusa pia Kongo, kwa ufuko mfupi wa kilomita 40 hivi, huko Muanda na Banana.

Maji ya Lubumbashi yanakokwenda

Ukisimama kwenye daraja la mto Lubumbashi, ni vigumu kufikiria bahari. Lakini njia iko wazi. Mto Lubumbashi unaingia Kafubu. Kafubu inaingia Luapula. Luapula inaingia ziwa Mweru, na kutoka hapo maji yanaitwa Luvua, yanayokutana na Lualaba huko Ankoro. Lualaba inapita Kongolo, Kindu na Kisangani, na baada ya hapo ni mto Kongo mpaka Banana.

Na mto hauishii Banana. Chini ya bahari kuna bonde refu, lenye kuta ndefu, linaloanzia kwenye mlango wenyewe wa mto na kuendelea mpaka vilindi vya zaidi ya mita 4,000. Mito mingi mikubwa ya dunia inamwaga matope yake karibu na pwani. Kongo inayasukuma moja kwa moja mpaka kilindini, pamoja na majani na miti ya msitu, na hivyo inalisha wanyama wa huko chini.

Nguvu ya bonde hilo ilionekana Januari 2020. Mwisho wa mwaka wa 2019 mto Kongo ulifurika kuliko ulivyofurika kwa miaka 50, na sehemu za Kinshasa zilizama. Wiki chache baadaye, matope yaliyolundikana mlangoni mwa mto yaliporomoka ndani ya bonde. Yalisafiri kilomita zaidi ya 1,100 chini ya bahari kwa siku mbili, yakaongeza mwendo kadiri yalivyokwenda, mpaka mita 8 kwa sekunde. Yalikata nyaya za mawasiliano, na intaneti ikalegea katika nchi nyingi, kuanzia Nigeria mpaka Afrika Kusini. Watafiti wakiongozwa na Peter Talling wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walisema ni mporomoko wa matope uliosafiri mbali kuliko mwingine wowote uliowahi kupimwa duniani.

Hii haina maana kwamba kila sumu inayoingia Kafubu inafika kwa ngisi. Njia ni ndefu, na mabwawa na ziwa Mweru vinabakiza mengi. Wanaoumia kwanza ni watu na samaki wa hapa. Mwezi wa Novemba 2025, maji machafu ya kampuni moja ya madini yalitoka katika bwawa lake na kuingia katika mitaa ya komini Annexe, na waziri wa Madini alisimamisha kazi za kampuni hiyo. Lakini ramani inaonyesha kwamba mto wa mjini na kilindi cha Atlantiki ni maji yaliyoungana.

Kobalti ya chini ya bahari

Njia ya pili inayowaunganisha watu wa Katanga na makao ya ngisi ni ya pesa. Katika bahari ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Mexico, kuna uwanda mkubwa chini ya maji, kwenye kina cha mita 4,000 mpaka 5,500, uliojaa mawe meusi yenye ukubwa wa kiazi. Mawe hayo yana manganizi, nikeli, shaba na kobalti. Yamekua kwa milimita chache tu kwa kila miaka milioni.

Kongo leo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, karibu yote ikitoka Haut-Katanga na Lualaba. Mwezi wa Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ili bei ipande, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo ikaweka kiwango maalum kwa kila kampuni. Wanaotetea uchimbaji wa baharini wanatumia hoja hiyo: wanasema dunia isitegemee Kongo peke yake, na isinunue kobalti iliyochimbwa na watoto.

Ruhusa ya kuchimba huko inatolewa na Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaica. Mpaka mwisho wa mwaka wa 2025 haikuwa imempa mtu ruhusa ya kuchimba kwa biashara, kwa sababu nchi hazijakubaliana juu ya kanuni. Nchi zaidi ya 30 zinataka kazi hiyo isimame kwanza. Lakini Aprili 2025 rais Donald Trump wa Marekani, nchi ambayo haimo katika mkataba huo, alitia sahihi amri ya kuharakisha uchimbaji, na siku chache baadaye kampuni ya The Metals Company ya Canada ikapeleka ombi lake Washington.

Ngisi mkubwa haishi kwenye mita 4,000. Hatari kwake iko katikati ya njia. Mawe yanapandishwa juu kwa bomba pamoja na maji na matope, kisha maji machafu yanarudishwa baharini. Katika jaribio la mwaka wa 2022, lililopandisha tani 3,000 hivi za mawe, maji hayo yalirudishwa kwenye kina cha mita 1,200 hivi, karibu na mlango wa chini wa eneo ambalo ngisi na chakula chake wanaishi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii, katika utafiti uliotoka Novemba 2025, walieleza kwamba vumbi hilo la mawe linaingia mahali pa chakula cha viumbe vidogo vya maji ya kati, nalo halina lishe. Zaidi ya nusu ya viumbe hivyo vidogo vinaweza kuathirika. Samaki wadogo wanakula viumbe hivyo, ngisi wanakula samaki, na nyangumi wanakula ngisi.

Kelele ni tatizo lingine. Mwaka wa 2001 na tena 2003, ngisi wakubwa kadhaa walikufa kwenye pwani ya Asturias, kaskazini ya Hispania, wakati meli zilikuwa zikipiga milipuko ya hewa majini ili kuchunguza chini ya bahari. Uchunguzi wa miili ulionyesha madhara katika viungo vya ndani, pamoja na kile kinachompa ngisi uwezo wa kujua juu ni wapi na chini ni wapi.

Kongo ina sauti katika mazungumzo ya Kingston. Iliukubali mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari mwaka wa 1989, na mkataba huo una kifungu kinachosema nchi maskini zinazoishi kwa madini ya nchi kavu zilindwe au zisaidiwe kama madini ya baharini yataziharibia soko. Nchi za Afrika zimekuwa zikirudia hoja hiyo mezani. Kwa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, swali si la wanyama peke yao: ni mishahara, ni ushuru, ni malori ya Kasumbalesa.

Kuna jambo moja ambalo historia ya ngisi mkubwa inaonyesha wazi. Wanadamu walihitaji karibu miaka 150, tangu Steenstrup ampe jina, ili wampige filamu akiwa hai kilindini, na walifanikiwa siku walipokubali kuzima taa na kunyamaza. Mashine za kuchimba hazizimi taa wala hazinyamazi. Zikishuka kabla ya watafiti kumaliza kazi, shaba ya mawe itapanda juu, na ile inayozunguka katika damu ya buluu inaweza kupotea bila mtu kujua ilikuwa kiasi gani.